Saa ya kumfuatilia mgonjwa wa kusahau: miezi 14 mkononi mwa mke wangu

Nianze na bei maana najua ndiyo mnayoitafuta. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 85,000. Muuzaji alianzia 120,000, nikatoka dukani mara mbili kwa kujifanya nimekasirika. Ni saa ya watoto, ya plastiki, rangi ya waridi, kioo cha mraba, inaingia laini ya simu, na kazi yake kubwa ni kukuonesha kwenye simu yako aliyeivaa yuko wapi. Kwangu aliyeivaa si mtoto. Ni mke wangu, ana miaka 68, na ana ugonjwa wa kusahau, huo ambao hospitali wanauita demensia. Wake ni wa aina ya Alzheimer.

Jina saa hii haina. Boksi lina maandishi ya Kichina na picha ya mtoto anacheka, basi. Ziko nyingi za namna hii, rangi tofauti, ndani ni zile zile, kwa hiyo nitakayoyasema chukulieni ni ya karibu saa zote za bei hii.

Mimi ni fundi saa hapa Tanga, Ngamiani, toka 1979. Mtanisamehe nikianza na mambo ambayo wengine hawayaangalii.

Kama saa, ni mbovu. Siku ilipofika niliifungua kabla hata sijaiwasha. Mfuniko wa nyuma umeshikwa na skrubu 4 za chuma dhaifu, ukizikaza mara ya tatu zinaliwa vichwa. Mpira wa kuzuia maji ni mwembamba kama uzi wa cherehani. Boksi limeandika IP67, maana yake vumbi haliingii na inavumilia kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa nusu saa. Sawa, hayo ni maji ya maabara. Nyumbani kwangu maji ni ya udhu, na mgonjwa wangu anaweza kutawadha mara nne kwa sala moja, kwa sababu kila akimaliza anasahau kwamba amemaliza. Mwezi wa tatu kioo kikaingia ukungu. Nikaifungua, nikaikausha, ule mpira nikaupaka grisi ya silikoni, na mpaka leo haijaingia tena. Nyie msio mafundi mpelekeeni fundi kabla haijavaliwa. Ni kazi ya dakika 20, na akiwatajia zaidi ya 5,000 anawaibia.

Vile vidoto vya kuchajia mgongoni navyo vinaota kutu ya kijani, jasho na hewa yetu hii ya chumvi. Navifuta kwa pamba na spiriti kila Ijumaa.

Majira inaonesha kwa tarakimu za saa 24. Nimetafuta pa kubadilisha, sikupapata. Siku za mwanzo, alasiri moja, aliitazama ikasema 15:40, akacheka mpaka akakaa chini. "Saa kumi na tano! Saa ya nchi gani hii?" Nilifurahi kuliko mnavyodhani. Mtu aliyepotea kabisa asingeona kichekesho pale.

Niseme tulivyojua. Mwaka 2022 tulikwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Daktari, kijana mpole, akampa karatasi na kalamu: "Mama, nichoree uso wa saa. Weka namba zote, halafu akrabu zioneshe saa tano na dakika kumi." Nimekuja kujua baadaye kuwa ni kipimo cha kawaida, wagonjwa wa kusahau wanapewa dunia nzima. Siku hiyo nilidhani amejua kazi yangu, anatutania. Mke wa fundi saa huyo, amelala miaka 40 na zaidi katika nyumba yenye saa za ukutani za watu zinazogonga usiku kucha, kila moja na wakati wake. Akachora duara zuri. Akaandika 12 juu. Kisha 1, 2, 3, akawa anazishusha upande wa kulia tu, zikabanana kama abiria wa daladala, hata 11 ikaangukia pale panapokaa 6. Kushoto kote kukabaki kweupe. Akrabu moja akaipeleka kwenye 5. Saa tano yetu akrabu fupi inakaa kwenye 11, hilo kila mtoto wa hapa analijua, na yeye ndiye aliyewafundisha watoto wetu wote wanne. Daktari akamwuliza kama amemaliza. Akasema ndiyo, akanigeukia mimi, kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa.

Mkono wangu ulitaka kuichukua ile kalamu.

Turudi kwenye saa.

Kazi ngumu ya kwanza si simu wala intaneti, ni kumvisha. Siku ya kwanza aliivua mara sita. Siku ya pili niliikuta kwenye debe la mchele. Siku ya tatu alimpa mtoto wa jirani, akasema ni ya kwake, na kwa kuitazama tu usingemlaumu. Binti yetu aliyeko Dar akaniambia zinauzwa kamba zenye kufuli, mgonjwa hawezi kuivua mpaka uwe na ufunguo. Huenda kwa mgonjwa mwingine zinafaa, sihukumu mtu. Mimi nilishindwa kumfunga.

Usiku wa siku ya tatu ndipo nikakumbuka. Saa za otomatiki, zile zinazojijaza zenyewe mkono ukitembea, ukishaitengeneza haitoshi kuilaza mezani. Lazima ivaliwe kutwa ndipo ujue inakwenda. Mimi kutwa nzima nimekaa kitini, mkono hauendi popote. Tangu tuoane kazi hiyo ilikuwa yake. Alikuwa akikuna nazi, akifua, akienda soko la Mgandini na saa za watu mkononi, siku nyingine mbili kila mkono, wanawake wenzake wakimtania kwamba kaolewa na mwizi. Jioni ananipa ripoti: hii imechelewa dakika mbili, hii nzima, hii mwenyewe aje anunue nyingine.

Asubuhi ya siku ya nne nikamwambia, "Mama watoto, nijaribie hii. Ya mteja."

Akanyoosha mkono. Hata hakuuliza.

Tangu siku hiyo ni hivyo hivyo kila asubuhi. Yeyote mwenye mgonjwa wa namna hii namwambia asihangaike kumweleza faida ya saa wala hatari ya kupotea. Mtafutie sababu yake mwenyewe ya zamani. Aliyekuwa mwalimu, aliyekuwa nesi, aliyekuwa na kibanda sokoni, kila mmoja ana sababu iliyomfanya avae saa asubuhi.

Laini. Inataka laini ndogo kabisa ya simu, na uondoe kwanza namba ya siri ya laini, la sivyo haishiki mtandao. Nilitaka isajiliwe kwa jina lake, lakini mashine ya alama za vidole ilimkataa mara tatu. Vidole vimelika kwa miaka ya kazi za jikoni. Nikaweka kidole changu na kitambulisho changu. Kifurushi cha intaneti hakizidi 3,000 kwa mwezi. Yangu ni ya 2G, na hapa mjini haijanisumbua.

Na badilisheni namba ya siri ya kiwandani! Nyingi zinakuja na 123456. Anayejua namba ya ile laini na hizo tarakimu sita anaweza kuiamrisha saa kwa ujumbe mfupi kama wewe mwenyewe.

Chaji. Boksi limeahidi siku 4. Labda ukiiweka kabatini. Yangu nimeiweka itoe taarifa kila dakika 10, inatoka asubuhi imejaa na Isha inalia. Ukiiweka itoe kila saa moja inafika siku ya pili, lakini katika saa moja mtu amefika wapi? Kwa hiyo usiku iko kwenye chaji, haimo mkononi, na usiku ndio wakati wagonjwa hawa wanapoamka wakitaka kwenda kwao. Boksi halikutaja hilo. Nimelimaliza kwa kengele ya sumaku ya mlangoni ya shilingi 12,000, mlango ukifunguka inapiga kelele. Kwa usiku, hiyo kengele ni bora kuliko saa.

Sasa hilo la kuonesha mtu alipo. Hapa patakuwa parefu.

Wiki ya kwanza, saa nane usiku, nilikuwa bado sijajua kwamba saa ikichajiwa inaendelea kutoa taarifa. Simu ikalia. Programu yake iko kwa Kiingereza na imetengenezwa kwa ajili ya wazazi, kwa hiyo iliniandikia kwamba mtoto wangu ametoka nje ya eneo. Nikatazama ramani. Nukta iko baharini. Baharini kabisa, mbele ya Raskazone, kwenye maji. Nikaruka kitandani na kikoi mkononi, na yeye yupo pale pale upande wa ukutani, anakoroma.

Mjukuu wangu anayesoma chuo ndiye aliyenifafanulia. Saa inapoona anga inapokea mawimbi ya setilaiti za GPS, na hapo inakosea mita chache tu. Ikiwa ndani, chini ya bati, haisikii setilaiti, inakisia kwa minara ya simu iliyo karibu, na hapo inaweza kukutupa kilomita moja, mbili, hata majini. Programu haikwambii kwa uwazi ni lipi kati ya hayo mawili. Kuna alama ndogo pembeni, mpaka nivae miwani ya kazini. Jifunzeni alama hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ule mzunguko wa tahadhari, unaouweka kwenye ramani ili simu ilie akitoka nje yake, wangu haukubali kupungua mita 500, na mita 500 za Ngamiani ni barabara ngapi hizo, atakuwa ameshanunua samaki na kurudi kabla simu haijastuka.

Mjukuu akaniongezea jambo ambalo sikulala nalo. Setilaiti zile, kilomita 20,000 hivi juu yetu, kila moja imebeba saa. Saa za atomu. Zinachofanya ni kutaja wakati tu: sasa hivi ni saa fulani, sasa hivi ni saa fulani. Kile cha mkononi kinasikia setilaiti nne au zaidi, kinapima kila sauti imechelewa kiasi gani kufika, na kwa kuchelewa huko kinajua umbali, na kwa umbali kinajua kilipo. Ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde umekosea mita 300, maana ndivyo mwanga unavyokimbia. Miaka yote hii nahangaika na saa ipungue dakika mbili kwa siku. Kumbe kujua mtu yuko wapi ni kazi ya fundi saa! Nilimwendea jikoni nikamweleza, alinisikiliza vizuri, akasema, "Na nani anazitia ufunguo huko juu?" Sikuwa na jibu zuri.

Kuna kitu kimoja sikipendi. Ukituma amri fulani, saa inakupigia kimya kimya, haitoi mlio, nawe unasikia yote yanayosemwa karibu nayo. Ujerumani walipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo huo mwaka 2017, na nawaelewa. Nilijaribu mara moja. Nilikuwa kibandani, nikasema nisikie kama binti anayetusaidia anamsemesha vizuri. Nikasikia maji, nikasikia sufuria, kisha nikamsikia yeye anamwambia binti: "Mume wangu alikuwa fundi saa. Mtu mzuri. Sijui siku hizi yuko wapi." Binti akamwambia, "Si yupo kibandani, bibi." Akasema, "Yule? Yule ni fundi mwingine."

Nikakata. Amri ile nimeifuta kwenye simu, na namba yake sikuiandika popote.

Jumatano moja ya mwezi wa sita mwaka jana ndiyo saa hii ilipolipa fedha yake. Binti alikwenda dukani, kengele ya mlango nilikuwa nimeizima asubuhi ili watu wapite, nikaisahau. (Ndiyo, mimi.) Mke wangu kwao ni Pangani, na anapotaka kwenda kwao huwa anataka kweli. Alivaa buibui, akachukua kapu, ndani yake kanga mbili, kitana na kiatu changu kimoja. Nilipogundua, majirani walikuwa wameshatawanyika sokoni na stendi. Nikafungua programu. Nukta ilikuwa nje ya mji upande wa kusini, kwenye barabara ya Pangani, lakini ya dakika 9 nyuma. Nikaminya itafute upya, ikazunguka, ikazunguka, haikujibu. Nikapanda bodaboda na kijana wa mtaa.

Bila nukta ile ningekuwa stendi naulizia. Hilo naipa.

Tukiwa njiani simu yangu ikaita mfukoni sikuisikia, upepo na honi. Saa ina kitufe cha dharura, ukikishikilia inapiga namba tatu ulizoweka, moja baada ya nyingine mpaka mtu apokee. Yeye hakijui. Nilimfundisha mara mia hakijui. Ya kwanza ilikuwa namba yangu, haikupokelewa, ikaenda ya pili, ya binti yetu Dar. Akapokea akasikia sauti ya mtoto: "Haloo, hii saa ni ya nani?"

Ilikuwa Tongoni, kilomita 20 hivi kutoka hapa, pale kwenye magofu na makaburi ya zamani. Alishuka hapo, au alishushwa, nauli hakuwa nayo. Akaketi baraza ya nyumba ya watu wasiomjua, wakampa maji na mhogo wa nazi. Wakubwa walimwuliza jina la mtaa, hakujibu. Mtoto wa kike wa nyumba hiyo, darasa la nne, yeye hakumwangalia bibi, alikuwa anaangalia saa. Ya waridi, ina kioo kinachowaka. Akaja akakaa karibu, akaomba aiguse, akaanza kuminya vitufe vyote kimoja kimoja, na kimoja akakishikilia.

Na mimi nilikuwa nimepanga nikipata nafasi nihamishe mashine yake niitie kwenye kasha la saa ya kike ya heshima, rangi ya dhahabu, imkae mtu mzima. Nilishachagua na kasha lenyewe. Liko droo ya pili mpaka leo.

Nilipofika aliniona, akajifuta mkono wenye nazi, akaniambia, "Fundi, umefuata saa?"

Nikasema ndiyo.

Basi, ninunue au nisinunue? Kama mgonjwa wako hatoki nje, usinunue, nunua kengele ya mlango na fedha inayobaki nunua nepi za watu wazima, utazihitaji kabla hujajiandaa. Kama anatoka, nunua, lakini utenge wiki mbili za kujifunza programu, ichaji kila usiku bila kukosa, na usiitegemee yenyewe. Mimi kwenye bega la buibui lake kwa ndani nimeshona kibati cha shaba nilichochonga namba yangu ya simu kwa mkono. Nyota 3 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa chaji, moja kwa ile amri ya kusikiliza. Mpira wa maji nimeusamehe kwa sababu ya yule mtoto wa Tongoni.

Sijui nitaibadilisha lini. Betri imeanza kuchoka, sasa inalia Magharibi badala ya Isha. Juzi jioni namvua niiweke kwenye chaji, akaniuliza kama mwenyewe keshakuja kuichukua. Nikasema bado. Akasema mwaka mzima huu, mteja gani huyo. Nikamwambia yuko safarini. Akaigeuza geuza, akaifuta kioo kwa ncha ya kanga kama alivyokuwa akifuta zote, akanipa.

"Akija usimtoze sana," akasema. "Maskini, labda kaisahau."